Bi Somoe na Maua ya Mke wa Karani

Miaka ile ya sabini na moja, sabini na mbili, hukuwa na haja ya kumwuliza mtu wa mtaa wetu wa Chuno Bi Somoe anakaa wapi. Pua ilitosha. Ukiingia uchochoro wa nyuma ya msikiti, karafuu na liwa vikakukamata koo, ujue umefika, piga hodi. Na kama wewe mwanamume, geuza njia urudi ulikotoka, maana humo ndani hamkuhusu.

Bi Somoe binti Hamisi alikuwa msingaji. Alisinga mabibi harusi, akakanda wazazi waliotoka kujifungua, akafukiza wake za watu waliokuwa wakingoja waume kutoka safari. Mumewe alikwisha kufa, watoto hakujaliwa, na kazi hiyo aliachiwa na bibi yake wa Mikindani pamoja na jiwe la kusagia liwa, ule mti wa kunukia, na kigoda kimoja kifupi. Alikuwa mnene, mcheshi, na ulimi wake ulikuwa mtamu kuliko halua. Sifa alizipenda, tusifichane. Akipita harusini wanawake wakasema, "Huyo bibi harusi anang'aa, kasingwa na nani?" yeye hujifanya anatafuta kiatu, asogee karibu wamwone.

Lakini kazi hiyo ina mwiko wake. Siri ya maiti aijuaye mwosha, na siri ya mwanamke aliye hai aijuaye msingaji. Nani ana jipu, nani ana kovu la kuchapwa, nani tumbo limeanza kusema kabla ya ndoa. Bibi yake alimfundisha kwamba kila akimaliza mtu anawe mikono, amwage yale maji mlangoni, aseme kwa sauti ili yule aliyesingwa asikie, "Nilichokiona kimekwenda na maji." Miaka thelathini Bi Somoe alisema maneno hayo, na miaka thelathini yalikuwa kweli.

Siku moja mchana akaja Rozalia.

Rozalia alikuwa mke wa Mathayo, karani wa bandari, Mngoni wa Songea. Walipanga nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Somoe. Rozalia mwenyewe alishona nguo za watoto wa shule kwa cherehani, kimya, mpole, na mtaa mzima ulijua kwamba ni Mmakua wa Masasi aliyelelewa na masista. Alisimama mlangoni akiivutavuta kanga yake.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, jua hilo. Una harusi?"

"Hapana."

"Basi mumeo anarudi kutoka kozi ya Tanga. Nimesikia."

"Anarudi mwezi ujao. Lakini sikujia hilo." Rozalia akatazama chini. "Nimechoka tu, Bi Somoe. Mgongo umekufa kwa cherehani. Nilitaka... nilitaka kupumzika."

Mwe! Bi Somoe akaweka chini mchi aliokuwa akitwangia. Tangu azaliwe hajapata kumsikia mwanamke anakuja kusingwa kwa sababu ya kupumzika. Watu husingwa wakaolewe, wakapendwe, watoke arobaini. Kupumzika? Akacheka mpaka akajifuta macho, kisha akaona kwamba yule binti hacheki, naye akaacha.

"Haya, kaa nikwambie vilivyopo, uchague mwenyewe. Kuna mvuke. Nachemsha majani ya mlimao, mchaichai na mrehani, unakaa kwenye kigoda, nakufunika blanketi, unatoka jasho mpaka uchovu wa mwaka juzi. Kuna kukandwa, maji ya moto na mafuta ya ufuta, hiyo ndiyo dawa ya mgongo. Kuna liwa ya uso, hiyo mchezo tu, hata leo naweza kukupaka. Na kuna singo yenyewe. Karafuu, hiliki, mchele wa kukaanga, maua ya waridi, naponda, natia marashi, nakusugua mwili mzima mpaka taka zinajiviringa zenyewe. Ukitoka hapo hata mbu anakuheshimu."

Rozalia akatabasamu kidogo. "Mwili mzima?"

"Sasa utasingwa kidole?"

Rozalia akaivutavuta tena kanga yake. Bi Somoe alidhani anaona haya kama wasichana wote, akaanza kumhesabia masharti, maana ndivyo anavyomtuliza mtu: "Usije katika siku zako. Usile ng'onda wala samaki mkavu yeyote tangu juzi yake, harufu inatokea kwenye jasho, mimi sitaki kumsinga papa. Usioge na sabuni ya kufulia. Lete kanga kuukuu ya kuharibu. Kunywa uji, usije na njaa ukanizimikia hapa watu wakasema nimekuua."

"Nikija... yaani tutakuwa wawili tu?"

"Wewe na mimi na Mungu."

"Basi nachagua mvuke na kukandwa," akasema Rozalia. Alipofika mlangoni akageuka. "Na singo. Mwili mzima."

Akaja Jumamosi, na kanga kuukuu, na uji tumboni. Mvuke ukaenda vizuri. Blanketi lilipoondolewa, Rozalia alikuwa amelegea, lakini kanga ameikaza kifuani kwa mikono miwili.

"Legeza, mwanangu. Nitakukanda juu ya kanga?"

Rozalia akaiachia.

Bi Somoe alikuwa ameona miili mingi, lakini hakupata kuona kitu kama kile. Tumbo la yule binti, kuanzia chini ya matiti, kuzunguka kitovu, kupita mbavuni mpaka mgongoni, lilikuwa limechanjwa nembo. Si chale mbili tatu za dawa. Maua, mistari iliyopinda, mijusi wawili wanaotazamana, yote yameinuka juu ya ngozi, meusi, yamepangwa kwa mkono wa fundi. Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma ndio waliochanja hivyo, wale ambao mitaani tuliwaita Wamawia, na jina hilo hatukulitamka kwa heshima. Tuseme ukweli. Mtoto akila vibaya, Mmawia. Mtu akikosea Kiswahili, Mmawia.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," akasema Rozalia, macho yametazama ukutani. "Nilikuwa nimetoka kuchanjwa, vidonda havijakauka sawasawa, shangazi yangu akanivusha mto. Akafa. Masista wakanichukua. Bwenini wasichana waliponiona naoga waliniita majina miaka sita. Nikajifunza kuoga na nguo. Mume wangu anajua, yeye hana neno. Lakini hapa mtaani nimesema natoka Masasi, na watu wameniacha. Unaelewa, Bi Somoe? Hapa ndipo nilipopumzika."

Bi Somoe akasikia huruma imemjaa. Akamkanda yule binti kama mtoto wa kumzaa. Akamsinga polepole, akazifuata zile nembo kwa kidole na singo, na rohoni akasema, jamani, kumbe ni nzuri hivi. Alipomaliza akanawa, akamwaga maji mlangoni. "Nilichokiona kimekwenda na maji."

"Kweli?"

"Wallahi."

Tangu siku hiyo wakawa mtu na mtoto wake. Rozalia alikuja kila mwisho wa mwezi. Alilala kwenye mkeka wa Bi Somoe akasinzia huku anakandwa, mdomo wazi, akakoroma hata. Bi Somoe alimshonesha magauni, akamfundisha kupika samaki wa nazi, akamwita mwanangu mbele za watu. Mtu asiye na mtoto akipata wa kumwita hivyo, we acha tu.

Sasa sikilizeni lilivyoharibika.

Jirani mmoja, Mwajuma, mwanamke wa maneno elfu, alimwoza binti wa kaka yake aliyeletwa kutoka kijijini Mahurunga. Siku ya singo chumba kilijaa wanawake kumi na tano, ngoma, vigelegele, ubani, joto la kukata pumzi. Bi Somoe yuko katikati na bakuli lake, shangwe zote zake. Bibi harusi akaambiwa afungue kanga. Akakataa. Akabembelezwa, akakataa, akaanza kulia kwa kwikwi. Kumbe bibi yake wa Mahurunga alimchanja chale tatu karibu na kitovu, na yeye anaona haya mbele ya wanawake wa mjini.

"Chale tatu!" akasema Bi Somoe, akacheka kwa upole. "Ndiyo unaliza chumba kizima? Mwanangu, wewe unalia kwa chale tatu, na mke wa karani wa bandari, huyu Rozalia mnayemsifia kwa upole, ana bustani nzima kuanzia matiti mpaka mgongoni, maua na mijusi, na mumewe anamwona malaika!"

Yule bibi harusi akanyamaza. Akafuta machozi, akafungua kanga.

Na ngoma nayo ikanyamaza. Hapo ndipo Bi Somoe aliposikia alichokisema.

Alitaka kuyameza. Alitaka aseme ni mzaha, ni mwingine, ni Rozalia wa Lindi. Lakini macho ya Mwajuma yalikuwa yamekwisha kupanuka kama sahani. "Rozalia? Kumbe Mmawia?" Mwingine akaguna. Mwingine akasema, "Ndiyo maana hajapata kuoga na sisi kisimani bomba likikatika." Bi Somoe akasugua mkono wa bibi harusi, akasugua, akasugua palepale mpaka yule mtoto akasema anaumia.

Alikusudia wema, hilo namkubalia. Lakini hata yeye mwenyewe, usiku alipolala, hakuweza kujidanganya. Ilikuwa huruma nusu. Nusu nyingine ilikuwa ni kule kutaka waone kwamba yeye Somoe anajua asilolijua mtu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, bibi yake alikuwa akisema hivyo kila siku, na yeye akadhani methali ile ni ya watu wengine.

Akajiambia, kesho asubuhi mapema nitamwendea mimi kwanza, nimwambie kabla hajasikia. Asubuhi ikafika, akaona kheri afue. Akafua. Kisha akaona kheri aende bombani achote maji kwanza.

Wanawake wote walikuwa pale. Na Rozalia alikuwa pale, debe lake liko la tatu kwenye foleni.

Mwajuma hakungoja. "Mke wa karani! Sisi majirani zako wa siku zote, mbona unatunyima? Hebu tuonyeshe maua kidogo, na sisi tuchague la kushonesha kwenye foronya!" Watu wakacheka. Si kwa ukali, walicheka tu kama watu wanavyocheka bombani, na hicho ndicho kicheko kibaya kuliko vyote. Mmoja akanyoosha mkono akaigusa blauzi ya Rozalia kiunoni, kwa mzaha.

Rozalia hakumtazama Mwajuma. Hakumtazama aliyemgusa. Aligeuza kichwa, akamtafuta Bi Somoe katikati ya watu wote wale, akamtazama.

Neno moja tu lingetosha. "Mwacheni." Bi Somoe alikuwa mkubwa wao wote pale, angesema wangenyamaza. "Ni mimi mwenye makosa, mchekeni mimi." Yalikuwepo maneno, mdomo ule usiokosa maneno ulikuwa nayo. Na Bi Somoe akainama. Aliinamia ndoo yake, akaingiza mkono ndani kama mtu anayetoa jani lililoanguka majini, na ndoo ilikuwa bado haijatiwa maji. Tupu. Kila mtu aliona ni tupu.

Alipoinua kichwa Rozalia alikuwa amekwenda, na debe lake ameliacha kwenye foleni.

Ukimwuliza Bi Somoe aibu ya maisha yake ni ipi, hataanza na yale ya chumba cha harusi. Ulimi hauna mfupa, unateleza. Atakuambia ni ndoo. Kule aliteleza, lakini bombani alisimama wima, ana akili zake timamu, akachagua.

Alingoja Rozalia aje amtukane. Aliomba amtukane. Angekuja na matusi ya nguoni angeyapokea na kumkaribisha chai. Lakini Rozalia alipokutana naye uchochoroni aliinamisha kichwa kama siku zote. "Shikamoo, Bi Somoe." Sauti ileile. "Mara... marahaba." Na akapita. Kila siku, asubuhi na jioni, shikamoo, marahaba. Ile heshima ilimchoma Bi Somoe mpaka akawa anachungulia mlangoni kwanza kabla ya kutoka, mtu mzima na mvi zake anamkimbia binti wa miaka ishirini na minne.

Siku ya Idi alipika pilau, akajaza sahani yake nzuri ya maua, akampelekea mwenyewe kwa mikono yake. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi tangu alfajiri. Rozalia akaipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Ahsante, Bi Somoe. Idi njema." Na Bi Somoe akarudi kwake, radhi hajaiomba.

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu. Sahani ya jirani hairudi tupu. Utatia hata kipande cha muhogo, hata chumvi, hata ndimu mbili, lakini tupu hairudishwi. Jioni ile sahani ya Bi Somoe ikarudi. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa, haina kitu. Akufukuzaye hakwambii toka. Bi Somoe akaiweka mapajani, akalia mpaka adhana ya magharibi ikampita.

Na wanawake wengine je? Waliendelea kuja. Liwa ya Bi Somoe hakuna aliyeiweza. Lakini akiwauliza wanachagua nini, jibu likawa moja. "Mikono na miguu tu, Bi Somoe." Mabibi harusi nao waliingia wamejifunga kanga mpaka kwapani, mama zao wakasema, "Msinge hivyohivyo, inatosha." Hata Mwajuma! Alikuja anasingwa viganja, akasema bila haya, "Mdomo wangu mimi naujua, nimezaliwa nao. Wako ndio sikuujua." Bi Somoe akamsinga viganja. Atasema nini? Bado alimwaga maji mlangoni akimaliza, kwa mazoea, ila yale maneno hakuweza kuyatoa tena. Aliyamwaga kimya.

Mwaka ukapita hivyo, na miezi.

Rozalia akashika mimba, na mtaa mzima ukaona, na Bi Somoe akaona kwa mbali kama mtu anayetazama chakula dirishani. Akazaa mtoto wa kiume hospitalini, kwa shida, siku mbili. Siku ya sita baada ya kurudishwa nyumbani, Mathayo, yule karani, alipiga hodi kwa Bi Somoe. Mtu mrefu, shati jeupe, amesimama uchochoroni hajui aweke wapi mikono.

"Mama, mke wangu hawezi kuinuka. Mgongo na nyonga. Hospitali wamempa vidonge, wanasema atapona. Lakini analia akimnyonyesha mtoto. Hana mama, hana shangazi. Nimemwuliza nimwite nani."

"Akasema mimi?" akauliza Bi Somoe.

"Alikaa kimya sana, mama. Kisha akakutaja wewe."

Bi Somoe hakumbuki alivyofika. Mafuta ya ufuta, majani, taulo, karibu asahau viatu. Rozalia alikuwa kitandani amelalia ubavu, amekonda, mtoto amelala pembeni. Mathayo akaleta maji ya moto, akatoka, akafunga mlango.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Pole na uzazi. Mwanangu, kabla sijakugusa, mimi siku ile..."

"Maji yanapoa," akasema Rozalia.

Bi Somoe akasogeza maji karibu. Akachovya taulo, akakamua.

"Ngoja kwanza." Rozalia akanyoosha mkono chini ya mto, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Alikuwa amekiweka tayari. "Jifunge machoni."

Bi Somoe alikitazama kile kitambaa, kisha akamtazama Rozalia, akidhani labda kuna kicheko mahali. Hapakuwa na kicheko, wala hasira. Ni mwanamke amechoka, anaumwa mgongo, anasema anavyotaka ahudumiwe. Bi Somoe akakipokea. Akajifunga kisogoni, mafundo mawili, akakaza mpaka ikauma, na akasikia kitanda kinalia na kanga inafunguliwa.

Akamkanda. Miaka thelathini na zaidi ya kazi, hakuhitaji macho. Alipapasa akapata nyonga, akapata uti wa mgongo, akaweka taulo la moto, akapaka mafuta, akavuta, akabana, na chini ya vidole vyake nembo zikapita moja moja, kila ua, kila mkia wa mjusi. Alizijua zote. Hakuthubutu kusimamisha kidole hata kwa moja. Kitambaa kililowa machoni mwake, naye hakuweza kukifuta kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, akaacha kilowe. Taratibu ule mwili ukaanza kulegea, pumzi ikawa ndefu, na kidogo alidhani atasikia mkoromo. Hakuusikia. Rozalia alikuwa macho mpaka mwisho.

"Basi, inatosha," akasema. Kanga ikafungwa, kitanda kikalia. "Fungua sasa."

Bi Somoe akafungua. Rozalia alikuwa ameketi, mara ya kwanza kwa siku sita, amejifunika mpaka shingoni, mtoto yuko kifuani ananyonya.

"Umepata nafuu, mwanangu?"

"Nimepata, ahsante. Kesho nikande tena." Akanyoosha mkono, akakichukua kile kitambaa kilicholowa, akakiweka pamoja na nguo za kufua. "Ila uje na chako. Hiki ni nepi ya mtoto."